Mshale wa spidi umekufa kwenye 4x4, kodi P0500: nianzie kwenye sensa, waya au dashibodi?

Mlima_na_Bonde

Habari wakuu. Naomba msaada kabla sijanunua kifaa nisichokihitaji.

Gari ni 4x4 ya kuunga kwa liva (si ya kudumu), gia za mkono, injini ya petroli. Sensa ya spidi iko mkiani mwa transfa (kasha linalogawa nguvu ya gia boksi kwenda mbele na nyuma), ina nyaya tatu na inazungushwa na gia ndogo ya plastiki. Tatizo lilianza kwa mshale kurukaruka nikipita 60, na baada ya kuvuka maji ya kina ukalala kwenye sifuri. Kilomita nazo hazihesabu. Taa ya injini imewaka, skana inatoa P0500 (hitilafu ya ishara ya spidi). Mshale wa mizunguko ya injini, wa mafuta na wa joto yote inafanya kazi. Jambo jingine: nikitoa gia gari likiwa bado linaserereka kwenda kusimama, injini inashuka hadi inakaribia kuzima.

Fyuzi ya mita ni nzima. Nimeshauriwa nibadilishe dashibodi nzima, sijashawishika. Nitajuaje kosa liko kwenye sensa, waya, ile gia ya plastiki au kweli ni dashibodi? Pia nimehama kutoka tairi za 235/75R15 kwenda 31x10.5R15, kwa hiyo kama lazima nifungue, ningependa mshale usome sawasawa.

Waya_Mweusi

Mkuu, dashibodi iache kwanza. Ulivyoeleza umeshapunguza eneo la kutafuta. Mishale mingine inafanya kazi, kwa hiyo dashibodi ina umeme na ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia bodi). Spidi na kilomita vimekufa pamoja, na kompyuta ya injini nayo inalalamika. Kosa linalozinyima ishara pande zote mbili kwa mpigo mara nyingi liko kabla waya wa ishara haujagawanyika: gia, sensa, soketi, au kile kipande cha waya kinachopita chini ya gari. Angalizo ni moja. Kwenye magari mengi ya Kijapani ishara huingia kwanza dashibodi, na dashibodi ndiyo inayoipeleka kwenye kompyuta. Hapo dashibodi mbovu inaweza kuleta P0500 pia, ndiyo sababu ya kupima badala ya kukisia.

Hilo la injini kutaka kuzima lina chanzo hichohicho. Kompyuta hutumia spidi kujua kama gari linaserereka au limesimama, ili iandae mapema hewa ya sailensa (injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta). Ikidhani gari limesimama wakati linatembea, inachelewa kufungua hewa na mzunguko unaporomoka.

Andaa multimita na pini nyembamba ya kushonea. Nyanyua tairi zote mbili za nyuma, gari likae juu ya stendi, si juu ya jeki. Weka kabari mbele na nyuma ya tairi za mbele, liva ya transfa iwe 2H (tairi za nyuma tu, mwendo wa kawaida), gia nyutro. (Mwenye 4x4 ya kudumu anyanyue tairi zote nne kama atazungusha kwa injini, la sivyo tairi zilizobaki chini zinaweza kulisukuma gari likaanguka kutoka kwenye stendi.)

Anza na umeme. Chomoa soketi ya sensa, washa swichi bila kuwasha injini, pima upande wa soketi unaotoka kwenye gari. Pini ya umeme dhidi ya bodi itoe volti ya betri, au volti 5 kwenye magari ambayo sensa inalishwa na kompyuta. Pini ya ishara, soketi ikiwa imechomolewa, kwa kawaida hukaa karibu na volti 5. Kwenye baadhi ya magari hukaribia volti ya betri. Volti hiyo haitoki kwenye sensa, inatoka dashibodi au kwenye kompyuta kupitia rezista, na kazi ya sensa ni kuivuta chini mpaka sifuri na kuiachia, tena na tena. Ukikuta sifuri kwenye pini ya ishara, waya umekatika au umegusa bodi mahali fulani.

Ethi ipime soketi ikiwa imechomekwa, maana waya mbovu bila mzigo unaonekana mzima. Chomeka, swichi ikiwa imewashwa, ingiza pini kwa nyuma ya soketi kwenye waya wa ethi, ncha nyingine kwenye kichwa hasi cha betri. Ikizidi volti 0.1, ethi ni dhaifu, safisha mahali inapofungwa kwenye bodi au kwenye gia boksi.

Sasa ishara yenyewe. Soketi ikiwa imechomekwa, ingiza pini nyuma ya waya wa ishara, ncha nyeusi kwenye ethi, mwenzako azungushe propela (shafti ndefu inayotoka transfa kwenda ekseli ya nyuma) kwa mkono, polepole. Volti lazima ipande karibu na 5 na kushuka karibu na sifuri, kisha ipande tena. Ikibadilika hivyo, gia na sensa vinafanya kazi, fuata waya kwenda mbele. Ikiganda juu au chini, rudi kwenye sensa na gia. Usizungushe haraka, kwa sababu multimita itaonyesha wastani, kitu kama volti 2.5, na utadhani umeme ni pungufu. Kama multimita yako inapima Hz, tumia hiyo. Magari mengi ya Kijapani yenye mita ya aina hii yanafuata mizunguko 637 ya mhimili wa mita kwa kila kilomita, na sensa ya mapigo 4 kwa mzunguko inatoa mapigo 2,548 kwa kilomita. Kwa spidi ya 60 hiyo ni takriban 42.5 Hz.

Msipime sensa ya nyaya tatu kwa ohm, namba mtakayopata haina maana. Ohm ni kwa sensa za nyaya mbili, zile za koili na sumaku, ambazo huzalisha umeme wa AC unaoongezeka kadiri spidi inavyopanda.

Mlima_na_Bonde

Asante sana mkuu. Nimepima kama ulivyosema. Umeme 12.3, ethi 0.03 soketi ikiwa imechomekwa. Ishara 4.9 soketi ikiwa imechomolewa. Nikichomeka inabaki 4.8 na haishuki hata propela ikizungushwa mizunguko mingi. Hapo ni sensa?

Fundi_Transfa

Bado, ndugu. Hapo umethibitisha tu kwamba sensa haivuti ishara chini. Inaweza kuwa imekufa, au haizungushwi. Zote mbili zinatoa vipimo hivyohivyo. Mshale kurukaruka ukipita 60 kabla ya kufa kabisa kunanifanya niitazame gia ya plastiki kwanza, maana gia iliyoliwa meno hushika kwenye spidi ndogo na kuteleza ikikazwa mwendo.

Toa sensa, lakini usafi kwanza. Mkia wa transfa ya gari la porini umejaa tope lililokauka, na ukivuta sensa bila kuosha, mchanga unaingia moja kwa moja kwenye bearingi. Osha kwa brashi na maji, kausha kwa upepo, kisha osha tena kuzunguka shingo ya sensa. Gari lisielekee mlimani, kwa sababu mkia ukiwa chini oili yote inakimbilia hapo. Sehemu tambarare itatoka kidogo tu, weka chombo.

Sensa nyingi hushikwa na bolti moja yenye kichwa cha 10 na kibati cha umbo la uma. Kabla hujailegeza, piga alama ya rangi kwenye nyumba ya sensa na kwenye kasha la transfa. Kwenye baadhi ya transfa, kwa mfano NP231 ya Jeep, nyumba ya sensa haina kitovu cha katikati: ukiizungusha, gia inasogea karibu au mbali na gia mama, ile ya ndani ya transfa inayoizungusha. Imeandikwa makundi ya idadi ya meno, na kundi la gia yako lazima litazame chini kabisa, mahali penye namba 6 kwenye uso wa saa. Ukiirudisha vibaya, gia mpya itaumana kwa nguvu na kuliwa, au haitagusa kabisa.

Itoe kwa kuizungusha kushoto na kulia huku ukiivuta. Bisibisi kubwa ya kubanjua inavunja aluminiamu ya shingo, na hapo kazi ya dakika chache inageuka kuwa kutafuta kasha jipya.

Ikishatoka, fanya vitu viwili kabla ya kuamua chochote. Cha kwanza, irudishe kwenye soketi ikiwa mkononi, washa swichi, zungusha gia yake kwa vidole huku ukipima ishara. Volti ikipanda na kushuka, upande wa umeme wa sensa ni mzima. Cha pili, sikiliza vidole vyako. Mhimili wa sensa unatakiwa kuzunguka laini kabisa. Ukiwa mgumu, ukikwama mahali fulani, au ukihisi kama una mchanga ndani, huo ndio unaoua gia. Meno ya plastiki huliwa kwa sababu yanajaribu kuzungusha kitu kisichotaka kuzunguka, na mtu akibadilisha gia peke yake, mpya nayo inakwenda njia ileile.

Kisha chungulia tundu la transfa kwa tochi huku propela ikizungushwa. Gia mama iliyo kwenye shafti ya kutokea lazima izunguke na shafti. Shafti ikizunguka na gia ikisimama, imepasuka au imepoteza kishikizo chake, na hapo mkia wa transfa lazima ufunguliwe.

Mlima_na_Bonde

Ndivyo ilivyo. Ikiwa mkononi ishara inapanda na kushuka vizuri. Lakini mhimili unakwama nusu mzunguko, na gia ina meno 31 ambayo upande mmoja yamelika hadi yamebaki kama mstari tu. Gia mama inazunguka na shafti, meno yake yanaonekana mazima. Ndani ya soketi kuna oili nyembamba ya rangi ya kahawia.

Fundi_Transfa

Basi badilisha vyote viwili, sensa na gia, hata kama sensa bado inatoa ishara. Ile oili kwenye soketi inakuambia sili ya mhimili ndani ya sensa imeshaachia. Oili hupanda ndani ya waya wenyewe, katikati ya nyuzi za shaba, na inaweza kufika mbali na sensa. Safisha soketi ya gari kwa dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, acha ikauke, kisha menya waya kidogo nyuma ya soketi. Ukikuta shaba imekuwa nyeusi na ina oili, kata mpaka ufike shaba inayong'aa.

Oringi weka mpya, ya mpira unaostahimili oili, ipake oili ya transfa kabla ya kuingiza. Usiweke gasketi ya kupaka kwenye tyubu badala ya oringi. Ziada yake hubanwa kuelekea ndani, ikakatika vipande na kuzunguka na oili. Bolti ya M6 kwenye aluminiamu inatosha kukazwa takriban Nm 10. Kabla ya kukaza, sukuma sensa kwa mkono mpaka ikae yote, ukizungusha propela kidogo ili meno yaingiane. Ikigoma kukaa, usiivute kwa bolti.

Angalia pia oili iliyotoka. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, imwage yote. Kiasi kidogo cha ungaunga wa chuma ni kawaida, lakini vipande vinavyoonekana kwa macho vinatoka kwenye bearingi au mnyororo.

Tope_Magotini

Nyongeza kuhusu maji, kwa sababu hiki ndicho watu wanakiacha halafu sensa mpya inakufa msimu huohuo. Transfa ina mpira wa kupumulia. Kasha likiwa la moto kisha likazama kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta. Mpira ukiwa umeziba kwa tope, au umechomoka na kuning'inia chini, kasha linavuta maji kupitia mahali popote palipo dhaifu, na sili za sensa ni mojawapo. Likipata moto tena, linasukuma oili kutoka kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo oili kwenye soketi na mpira wa kupumulia ulioziba mara nyingi huja pamoja. Uchomoe, upulize, uhakikishe hewa inapita pande zote mbili, na uupandishe juu kabisa kwenye chumba cha injini.

Halafu waya. Injini, gia boksi na transfa vinacheza juu ya mauntini, chasisi haichezi. Waya uliofungwa ukiwa umenyooka kati ya vitu hivyo viwili unakatika ndani huku ganda la nje likibaki zima, hasa kwenye sentimita 10 hadi 15 za mwisho kabla ya soketi. Shika waya kwa vidole na uvute taratibu kipande kwa kipande. Penye shaba iliyokatika panajivuta kama mpira. Angalia vilevile unapopita karibu na ekzosi na unapopita juu ya kikingio cha chini, mawe hukaa pale na kuusugua.

Ukiunga, tumia waya wa mm² 0.5 hadi 0.75, viungo vya kubana kwa koleo lake, na mrija wa kusinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Lehemu peke yake siipendi mahali penye mtikisiko, kwa sababu waya unakuwa mgumu pale ilipoishia na unakatika milimita chache pembeni. Viungo vya nyaya tatu visikae mahali pamoja, vipishane. Mwishoni acha waya ushuke chini ya soketi kidogo kisha upande, ili maji yadondoke kabla hayajafika kwenye pini. Grisi ya umeme ipake kwenye mpira wa soketi, si kuijaza kwenye pini.

Waya_Mweusi

Kwa wengine watakaosoma hapa wakiwa na ishara nzima kwenye sensa lakini mshale bado umekufa: chomoa sensa, washa swichi, chukua kipande cha waya, gusisha pini ya ishara kwenye ethi harakaharaka huku mwenzako akiangalia data ya spidi kwenye skana. Ikionyesha kilomita chache kwa saa, waya na kompyuta ni vizima. Mshale wa dashibodi unaweza usionyeshe kitu, mkono hauna kasi ya kutosha. Hakikisheni kabisa ni pini ya ishara na si ya umeme. Mkigusisha ya umeme mtakata fyuzi, au mbaya zaidi mtaichoma saketi ya volti 5 ya kompyuta. Kwa sababu hiyohiyo, taa ya kupimia ya balbu itumieni kwenye waya wa volti 12 tu. Huko inasaidia sana: multimita inaona volti 12 hata kwenye waya ulioliwa na kutu hadi unapitisha umeme kidogo mno, balbu ya wati 5 haidanganywi.

Na kama gari ni la karibuni na taa ya ABS imewaka pamoja na mshale kufa, msiende kwenye transfa. Magari mengi mapya hayana sensa huko, spidi inatoka kwenye sensa za magurudumu kupitia kompyuta ya ABS.

Meno_na_Tairi

Mkuu Mlima, kwa kuwa unanunua gia, nunua ya tairi zako mpya. Hesabu ni fupi. 235/75R15: ringi ni mm 381, ukuta ni 235 × 0.75 = 176.25, mara mbili 352.5, jumla mm 733.5. Inchi 31 ni mm 787. Uwiano 787 ÷ 733.5 = 1.073. Tairi kubwa inazungusha propela mara chache kwa kilomita, kwa hiyo sensa inatakiwa izunguke haraka zaidi, na gia yenye meno machache ndiyo inayozunguka haraka. 31 ÷ 1.073 = 28.9, chukua ya meno 29. Ukibaki na 31, mshale ukisoma 80 unakwenda karibu 86, na kilomita 5,000 za kubadilisha oili zitakuwa 5,365 za kweli.

Ila hesabu hiyo inachukulia kwamba meno 31 yalikuwa sahihi kwa tairi za zamani, na kwamba tairi ina inchi zilizoandikwa. Nyingi zina pungufu, na zikibeba uzito zinabonyea. Kipimo bora: upepo sahihi, dereva ndani, piga alama ya chokaa kwenye tairi na chini, sukuma gari mpaka alama irudi chini, pima umbali. Linganisha na tairi ya zamani kama bado unayo kwenye spea.

Ukijaribu kwa GPS, nenda barabara iliyonyooka na tambarare, spidi isiyobadilika. Usilazimishe ilingane kabisa. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa hairuhusu mita isome chini ya spidi ya kweli, lakini inaruhusu izidi kwa sehemu ya kumi ya spidi ya kweli kuongeza km/h 4. Yaani ukienda 80 za kweli, mita inaweza kuonyesha mpaka 92 na bado ikawa halali. Ukiwa kati ya meno mawili, chagua machache.

Na ukichagua idadi iliyo kwenye kundi jingine la meno, ile alama ya rangi ya Fundi haikuhusu tena, fuata maandishi ya kwenye nyumba ya sensa.

Mlima_na_Bonde

Nimeelewa, wakuu. Swali la mwisho: nikiwa 4L (tairi zote nne, gia nzito ya transfa), mshale utasoma sawa au utadanganya?

Fundi_Transfa

Utasoma sawa. Sensa yako iko kwenye shafti ya kutokea, baada ya upunguzaji wa transfa, kwa hiyo inahesabu kile kinachokwenda kwenye tairi iwe 2H au 4L. Inayodanganya ni sensa iliyofungwa kwenye gia boksi kabla ya transfa. Kwenye transfa ya uwiano wa 2.72 hiyo ingeonyesha 27 wakati gari linakwenda 10. Ukimaliza kufunga, futa kodi kwa skana, shusha gari, na uangalie data ya spidi kabla hujatazama mshale. Skana ikionyesha spidi na mshale ukabaki chini, hapo ndipo zamu ya dashibodi.